Vijiti Vilivyopandwa Kichwa Chini

Fundi alipoanguka kutoka paa la ghala, goti lake la kulia lilivunjika, likaungwa vibaya, na tangu siku hiyo hakupanda ngazi tena. Alikuwa fundi wa mapaa, tena si fundi wa kubahatisha. Mvua ikipiga usiku kucha, yeye alilala fofofo, maana alijua nyumba alizoziezeka hazivuji. Sasa alishinda barazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, akiyatoa kasoro mabati ya majirani. Ile kofia ya paa imekaa kombo. Ule mteremko hautoshi, maji yatatuama. Ilifika mahali wapita njia wakawa wanamsalimia huku wanakwenda, wasije wakaulizwa ni nani aliyewaezekea.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na bustani ya mkewe. Mtaa mzima ulimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo, na Shangazi hakuwa na subira na mboga za kupanda leo na kung’oa mwezi ujao. “Mimi siwezi kuwa mtumwa wa mbegu,” alikuwa akisema. Alipanda zile zinazokaa. Kulikuwa na mchicha wa mti, ambao ukiukata unakushukuru kwa kuchipua zaidi. Nderema iliyotambaa ukuta wote wa choo. Mbaazi zilizosimama kama ua upande wa barabara. Na mlonge karibu na pipa la maji. Baadhi ya mashina yale yalikuwa na umri kumpita binti yao wa mwisho, na huyo binti alikwisha kuolewa. Fundi alikula mboga hizo miaka nenda rudi na hakuuliza hata siku moja zinatoka wapi, kama mtu asivyouliza maji ya bomba yanatoka wapi.

Kisha kikaja kiangazi kibaya. Mabustani ya mtaani yakawa majivu matupu, na juu ya ukuta wa Fundi majani yakawa bado yanachungulia, mabichi, bila hata haya. Asubuhi moja jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke waliyempa jina la Redio kwa sababu habari zake hazikuhitaji betri, akasimama mbele ya baraza na ndoo yake.

“Shikamoo, Fundi. Hebu tuambie, siri ya hizi mboga zenu ni nini?”

Tangu aanguke, hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza swali zaidi ya “goti linaendeleaje”. Fundi akajiweka sawa kitini.

“Siri ni kujua maji yanapita wapi,” akajibu.

Jibu si baya, na hakulitoa kwa nia mbaya. Lakini kesho yake akaja mwingine kuuliza, na kesho kutwa mwingine, na mwenye kuulizwa sana huanza kuamini kwamba anajua. Wakati wa chakula Fundi alimdodosa mkewe kijuujuu tu: hivi ile ya kutambaa huwa unaipa maji lini, na ule mti unaukata kimo gani. Shangazi alimjibu. Asubuhi maneno yaleyale yalitoka barazani yakiwa yamevaa sauti ya kiume: “Mimi huwa naimwagilia jua likishatua. Mimi huwa naukata usawa wa kiuno.” Dirisha la jikoni lilikuwa mkono mmoja tu kutoka pale alipoketi. Shangazi aliyasikia yote, akaendelea kuosha vyombo.

Mwishowe Fundi akachukua kipande cha bati kilichobaki kwenye kazi ya zamani, akakipaka rangi nyeupe, akaandika kwa nyekundu: BUSTANI YA FUNDI. Akasimama juu ya kigoda langoni na nyundo yake. Kwa kuwa goti halikumwachia mikono miwili, mkewe ndiye aliyemshikia bati.

“Kushoto kidogo,” alisema Shangazi. “Limepinda.”

Akalinyoosha, Fundi akapigilia misumari. Shangazi akarudi nyuma hatua kidogo, akalitazama, akaenda kuchota maji.

Habari za bustani zikafika zahanati. Muuguzi aliyekuwa akiwapima watoto uzito alikuwa na kikundi cha akina mama, akaomba awalete wajifunze kupanda mboga za kudumu, na kila mmoja aondoke na vijiti vyake vya mchicha wa mti. Fundi akakubali kabla muuguzi hajamaliza kuomba.

Kazi ilikuwa ya Shangazi. Siku kadhaa kabla ya wageni kuja alikata vijiti kutoka matawi yaliyokomaa, akavilaza kivulini mpaka utomvu wake mweupe ukakauka, maana kijiti kikizikwa kingali kinatoa maziwa huoza. Kila kijiti alikikata ncha moja sawasawa, ncha ya pili mshazari. Akavifunga mafungu mafungu, mishazari yote ikitazama upande mmoja, akavisimamisha nyuma ya mlango wa jikoni. Fundi aliviona kila alipopita. Hakuuliza ule mshazari ni wa nini kwa sababu hakuona cha kuuliza. Mtu aliyeezeka maisha yake yote akiona kitu kimekatwa mshazari anajua kabisa kazi yake: kumwaga maji.

Siku yenyewe akina mama waliketi kwenye mikeka uani. Fundi alivaa shati lililopigwa pasi. Alisema vizuri, tumpe haki yake. Aliwaonya kwamba majani ya mti ule hayaliwi mabichi, ni lazima yachemke hasa. Aliwaeleza wachimbe wapi na wasichimbe wapi. Akachukua kijiti, akakizika nusu yake ardhini, ncha ya mshazari ikiwa juu, akasimama pembeni yake kama mtu aliyemaliza nyumba.

“Huu mshazari,” akasema, “ndio paa la kijiti. Mvua ikinyesha, maji yanateleza. Mkiuzika chini na kuacha ncha bapa juu, maji yatatuama na kijiti kitaoza. Nyumba na mti ni mamoja.”

Akina mama wakaitikia kwa vichwa. Mmoja wao, mwanamke wa makamo aliyekuwa akishona magunia kwa ajili ya kinu cha nafaka, akainua mkono nusu.

“Samahani, Fundi. Sisi kwa bibi yangu, upande wa mshazari ndio tulikuwa tunauzika.”

“Mama,” Fundi akamwambia, “wewe ungeniezekea nyumba, ningelala na mwavuli.”

Uwanja ukaangua kicheko. Mshona magunia naye akacheka kidogo, kicheko cha kulipa deni, kisha akainamisha uso na kuanza kunyoosha upindo wa nguo yake ambao haukuwa umekunjika. Fundi, aliyenogewa na kicheko hicho, akageukia mlango wa jikoni.

“Haya, muulizeni na mwenye jiko. Mama, si ndivyo?”

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Akakitazama kijiti. Akamtazama mumewe, lile shati, ule mguu mbovu aliokuwa ameusahau kwa mara ya kwanza tangu aanguke, na ule uso uliokuwa unang’aa.

“Leo mwalimu ni Fundi,” akasema. “Mfuateni mwalimu.”

Wakapiga makofi. Kila mmoja akaondoka na fungu lake, na Fundi akabaki langoni akiwaaga, chini ya bati lake.

Jua lilikuwa linaanza kulegea alipozunguka nyuma ya nyumba na kumkuta mkewe amechuchumaa pale pale penye kijiti cha mfano. Alikuwa anakichomoa.

“Unafanya nini?”

“Nakigeuza.”

“Kwa nini?”

“Kiko kichwa chini, baba.”

Fundi akaanza habari za mvua na mteremko. Shangazi hakubishana naye. Alikifuta kijiti udongo, akamsogezea.

“Tazama hapa. Hili ni kovu, hapa palikuwa na jani. Na hiki kidoti juu ya kovu ni jicho, ndipo tawi linapotokea. Siku zote jicho linakaa juu ya kovu. Sasa hiki ulivyokipanda, macho yote yanatazama shimoni. Mshazari naukata upande wa chini ili nisichanganye.”

Fundi alikitazama. Ni jambo ambalo ukishaonyeshwa huwezi tena kutoliona. Akahisi masikio yanamchoma.

“Mbona hukusema?”

“Ungetaka niseme saa ngapi? Ulikwisha kumcheka yule mama mbele za watu. Ningesema, wangekucheka wewe.”

Akakizika kijiti upya, akakandamiza udongo kwa kiganja.

“Usijali,” akaendelea, kama mtu anayesema atapitia kinuni. “Kesho nitazunguka kwao. Nitawaambia ni mimi niliyekosea kukata, nikauweka mshazari upande siwo. Watavigeuza, yataisha.”

Hapo ndipo aibu ilipomshika Fundi kisawasawa. Kwa sababu alijua kitu ambacho kila mtu pale mtaani alikijua: kijiti cha Shangazi hakijawahi kukataa kuota. Watu walisema mkono wake una baraka. Na walisema pia kwamba mtu ambaye vijiti vyake vinakufa kwa wenziwe, basi alivitoa kwa kinyongo. Mwanamke huyu hakuwa na cheo, hakuwa na duka, wala jina lake halikuandikwa kwenye bati. Alichokuwa nacho ni hicho tu, kwamba akikupa kitu kinaota, na alikuwa anakwenda kukitoa kwa ajili ya mumewe kama mtu anayetoa chumvi.

Asubuhi, mkewe akiwa bado anafagia uani, Fundi alichukua fimbo yake na kutoka. Alikuwa amekwisha kuyapanga maneno: akina mama, mimi ndiye niliyekosea, mke wangu alikata sawasawa. Maneno machache, hata goti halingechoka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Redio. Vijiti vyake vilikuwa vimesimama kwa mstari mzuri, mishazari yote juu, kila kimoja na paa lake. Fundi alivitazama akatamani ardhi impasukie.

“Karibu, mwalimu,” Redio akamwambia, huku akifuta kigoda.

Ni hilo neno mwalimu lililomponza. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka si kile alichokipanga.

“Nimepita mara moja tu,” alisema. “Hivi vijiti itabidi uvigeuze. Mama kule nyumbani alichanganya kidogo katika kukata.”

“Shangazi?”

“Ndiyo. Si unajua, kazi nyingi.”

“Masikini,” alisema Redio kwa huruma ya kweli. “Hata yeye siku hizi anakosea.”

Fundi akajisikia anaitikia kwa kichwa. Alipotoka pale alikuwa na hasira, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumkasirikia aliipiga barabara kwa fimbo. Mkewe alikuwa amesema atajitwika kosa, na yeye ametangulia mbio kwenda kumtwisha. Alijiambia nyumba ya pili atasema ukweli. Nyumba ya pili akasema, “Kuna maelekezo mapya,” kama mtu wa serikali. Ya tatu akasema vijiti vigeuzwe, akaondoka kabla ya kuulizwa kwa nini. Kila alipotoka uso ulizidi kuwa mzito, na wote walimshukuru kwa kujisumbua na mguu wake mbovu.

Mshona magunia alikaa mwisho wa kichochoro. Alikuwa ameketi kizingitini, gunia magotini, sindano ndefu mkononi. Pembeni ya mlango palikuwa na vijiti vyake, na ncha zote bapa zilikuwa juu.

Fundi alisimama akivitazama. “Wewe umevipanda sawasawa,” akasema hatimaye.

“Nimevipanda kama bibi yangu.”

“Mbona jana hukubisha?”

“Ulinicheka, Fundi. Mtu akishachekwa habishi, anatafuta njia ya kwenda kwao.” Alivuta uzi, akaukaza. “Tena nilimtazama mkeo pale mlangoni. Nikajua anajua. Nikasema, kama mwenye nyumba ameamua kumficha mumewe, mimi ni nani nimfichue.”

“Nisamehe, mama. Nilikosa adabu.”

“Nimekusamehe.” Sindano ikaingia, ikatoka. “Hao wengine umewaambia nani aliyekosea?”

Fundi aliinamia fimbo yake. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na alisimama mbele ya mwanamke yule kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mshona magunia hakumkazia macho, na huruma hiyo ilimuumiza zaidi.

“Basi rudi,” alisema. “Goti litapona, lakini hilo ulilomtwisha mkeo halitapona.”

Akarudi. Nyumba ya tatu, nyumba ya pili, safari hii polepole, na kila mahali alisema, “Aliyekosea ni mimi.” Ilikuwa kama kumeza dawa chungu bila maji, lakini ilimezeka. Lililobaki ni kwa Redio, na Redio hakuwa nyumbani. Alikuwa bombani, foleni ya ndoo mbele na nyuma yake, na nusu ya akina mama wa jana wako hapo. Fundi aliisikia sauti yake kabla hajafika.

“...Shangazi mwenyewe, nawaambia. Nadhani ni macho. Umri nao.”

Fundi akasimama katikati yao. Akavua kofia, hakujua kwa nini.

“Macho ya Shangazi hayana kasoro,” alisema. “Alivikata vizuri. Mimi ndiye niliyewafundisha kuvipanda kichwa chini, kwa sababu nilikuwa sijui. Na asubuhi nilimsingizia kwako, Redio. Nilisema uongo.” Pumzi ikamwishia, akaivuta tena. “Na jambo lingine. Ile bustani si yangu. Sijapanda kitu pale, wala sijamwagilia hata kopo moja. Yote ninayowaambia barazani huwa namwuliza yeye usiku.”

Alingoja kicheko. Alikuwa amejikaza kukipokea, na kwa kweli alikitaka, maana mtu akichekwa angalau hesabu inafungwa. Hakuna aliyecheka. Waliangalia ndoo zao. Maji yakajaa ndoo ya kwanza na kumwagika, na hakuna aliyefunga bomba.

“Fundi,” Redio akasema, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu sauti yake ilikuwa ya chini. “Hilo tunalijua.”

“Mnajua nini?”

“Kwamba bustani ni ya Shangazi. Nani asiyejua? Mimi nimekula mboga zake tangu nilipohamia hapa. Vijiti vyangu vya nderema alinipandia yeye mwenyewe.”

“Sasa mbona uliniuliza mimi siri yake?”

Redio akawatazama wenziwe, akitafuta wa kumsaidia, hakumpata.

“Yeye ndiye aliyetuomba. Alisema, mkipita pale barazani muulizeni neno juu ya mboga, mnyonge wangu anakaa sana peke yake. Ndiyo tukawa tunapita.”

Fundi akaivaa kofia yake. Akashukuru, akageuka. Safari ya kurudi ilikuwa fupi na aliiona ndefu. Swali moja baada ya jingine lilimrudia, na kila lilipomrudia alijiona alivyojiweka sawa kitini, alivyokohoa kabla ya kujibu, alivyoinua kidole. Mtaa mzima ulikuwa umemvika kilemba cha ukoka kwa hisani ya mkewe, na yeye akakipigilia misumari langoni.

Shangazi alikuwa amesimama pale pale langoni alipofika. Kigoda cha barazani kilikuwa hapo, Fundi akakivuta mpaka chini ya bati, akapanda kwa taabu, akaanza kubandua misumari kwa mkia wa nyundo. Mkewe akaja akaushika upande wa chini wa bati, lisije likamwangukia.

“Redio amepita,” alisema.

“Mara ngapi?”

“Mbili. Ya pili ni sasa hivi, ndoo kichwani.”

Msumari mmoja ukatoka. Fundi hakuthubutu kutazama chini.

“Ile mara ya kwanza iliniuma,” Shangazi akasema. “Mimi kulichukua kosa ningelichukua mwenyewe, kwa mikono yangu. Lakini wewe kunibebesha, hapana.”

“Najua.”

“Na hili bati siku ile ni mimi niliyekushikia.”

“Najua, mama. Nina aibu.”

Hakumwambia usijali. Alingoja msumari wa mwisho utoke, akalipokea bati, akalibeba kwenda nalo uani. Pipa la maji lilikuwa halina mfuniko. Akalilaza juu yake, maandishi yakiwa chini, akaweka jiwe, akaingia jikoni.

Fundi akabaki na nyundo yake karibu na mlango, hajui kama anaruhusiwa kuingia.

“Niletee majani ya kupika,” mkewe akasema kutoka ndani. “Ya mti.”

Akaenda. Akasimama mbele ya shina kubwa la mchicha wa mti, lile lililomlisha miaka yote, akanyoosha mkono kwenye jani la juu, akauvuta. Akaunyoosha kwenye la chini, akauvuta tena. Alikuwa ameufundisha mtaa mzima habari za mti huo, na hakujua jani linachumwa la juu au la chini. Akageuka, akauburuta mguu wake mpaka mlango wa jikoni, akauliza.